Aliyeiga Mwendo wa Marehemu

Mimi si mtu wa kucheka ovyo. Nalisema hili mapema, mtu asije akadhani kwamba niliyoyaona niliyaona kwa sababu nilikuwa natafuta cha kunifurahisha. Kwenye zahanati ninakofanya kazi ya uuguzi, hapa Tabora mjini, wagonjwa huniita Sista Kauzu nikiwapa mgongo, na huwa nawasikia. Marehemu baba yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso mpaka mkunga akamwomba mama radhi.

Kwa hiyo siku tuliyotoka kumzika huyo baba, nilipomwona mwanamke wa makamo anatoka chumbani kwa marehemu amevaa koti la marehemu, kofia ya marehemu, na suruali ya marehemu imekunjwa ncha hadi magotini, niliinuka ili nimtoe nje kwa mikono yangu.

Nilikuwa na sababu ya kuwa na hasira. Mama yangu, Minza, alikuwa ameegemea ukuta tangu baba alipokata roho. Hakulia. Hakula. Akipewa maji alilowesha midomo tu, akarudisha kikombe. Nilimletea uji wa ulezi, nikamletea matobolwa, viazi vitamu vya kukaushwa alivyovipenda tangu utoto wake, nikambembeleza, na nilipochoka kubembeleza nikamtisha kama ninavyowatisha wagonjwa: "Mama, usipokula utalazwa." Alinitazama kama mtu anayetazama dirisha, macho yake yakanipita yakaenda zake huko nyuma yangu. Mimi ni muuguzi. Niliyajua macho ya namna ile na niliogopa sana.

Sasa katikati ya hofu hiyo anaingia mwanamke na koti la baba. Tena shavu moja limevimba, maana alikuwa amejaza andazi zima mdomoni.

Baba yangu, Mzee Yoramu, alikuwa mfuga nyuki wa Sikonge kabla ya kuhamia mjini, na hata baada ya kuhamia hakuiacha mizinga yake. Maisha yake yote alijisifu kwamba nyuki wanamfahamu. Maisha yake yote alirudi kutoka porini jicho moja limefumba na shavu limejaa, na akiulizwa alisema ni vumbi la barabarani. Mtaa mzima ulijua. Hakuna aliyekuwa amelitaja jambo hilo tangu afariki, maana kwenye msiba marehemu huwa hana kasoro.

Yule mwanamke akasimama mbele ya mama yangu, mkono mmoja kiunoni, kifua mbele, kama baba kabisa. Akasema, na andazi limo mdomoni: "Minza! Nyuki wananijua mimi! Hawa wananiita kwa jina!" Halafu akajipiga kofi shingoni, akaruka, akajipiga kofi pajani, akauegemea mlango na kusema kwa sauti ya mtu anayejikaza: "Vumbi la leo lina nguvu."

Mkono wangu ulikuwa tayari umemshika begani. Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu, kama mtu aliyepaliwa. Nilipogeuka, mama yangu alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akalala ubavu, akashika mkeka, akasema, "Mayu! Vumbi! Alinidanganya vumbi miaka yote!" Kicheko kikageuka kilio, kilio kikageuka tena kicheko, na kilipotulia mama akakaa wima, akafuta uso kwa kanga, akatazama chumba chote kana kwamba ndiyo kwanza anaingia. Akaniona. Akaniuliza, "Asnath, wale wageni waliotoka Sikonge wamepewa chakula?"

Baada ya hapo alikunywa uji. Na mimi, badala ya kushukuru, nikabaki na swali ambalo halikuniacha nilale vizuri kwa muda mrefu. Nini kimefanyika pale?

Yule mwanamke aliitwa Bi Shamila. Alikuwa Mzaramo, na Wazaramo ni watani wetu sisi Wanyamwezi, hilo nilikuwa nalijua kama kila mtu anavyolijua. Nilijua watani wana ruhusa ya kuzuia jeneza mlangoni, kudai kuku, kulala kwenye kitanda cha marehemu na kusema sasa ni chao. Lakini kwa kizazi chetu mambo hayo yalikuwa yamebaki ya kuzungumza tu. Siku hizi mtu akifa tunatumiana pole kwenye simu, tunaweka picha za mishumaa, tunakodi turubai na spika. Bi Shamila alikuwa miongoni mwa wachache waliobaki wakiifanya kazi yenyewe.

Nikaanza kumfuata. Nasema kumfuata kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa na meza ya mitumba sokoni, anauza makoti, suruali na viatu, na mimi nikawa napitia kwake kila nikitoka kazini, hata siku nisizohitaji koti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mpagazi wangu. Leo mzigo umeutua wapi?"

Aliniita mpagazi tangu siku ya kwanza. Kwa maelezo yake, utani wetu ulianzia njiani. Babu zangu walibeba pembe za ndovu vichwani kutoka huku Unyanyembe hadi pwani, na babu zake walikuwa wanakaa mwisho wa njia wakiwasubiri. "Mnafika kwetu vumbi mpaka kwenye kope," alikuwa akisema, "mnaomba maji, tunawapa maji na matusi. Mngetaka kupigana mngepigana na nani, miguu yenyewe imevimba? Mkacheka. Mkarudi kwenu na shanga mbili." Mimi nami nikajitahidi kumjibu. Nikamwambia watu wa kwao wangeuza hata kaburi la bibi ili wapate kukodi ngoma. Alinitazama kwa huruma. "Umesema vizuri, mwanangu, lakini umesema kama unasoma cheti cha kifo."

Mwaka huo huo zahanati ilinipeleka semina ya afya ya akili huko Dodoma. Huwa nasinzia kwenye semina, na sioni haya kusema hivyo, lakini safari hii kuna mwezeshaji mmoja aliniamsha. Alisema hofu na huzuni kali hufinya macho ya mtu, akawa anaona kile kinachomuuma tu. Furaha, hata ndogo, hata ya muda mfupi, hufanya kinyume: mtu huanza kuona pembeni, huona watu, huona mambo anayoweza kufanya. Akasema hata mwili unafuata. Moyo uliokuwa unakimbia kwa mshtuko hurudi kwenye mwendo wake mapema zaidi mtu akipata cha kumtuliza au kumchekesha. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa namwona mama yangu akiniuliza kama wageni wa Sikonge wamekula.

Wakati wa chai nilimfuata yule mwezeshaji nikamuuliza kuhusu kicheko cha msibani. Alikuwa mtu muungwana. Alinisikiliza mpaka chai yake ikapoa, kisha akasema hilo hajaliona mwenyewe, na angependa sana kujua.

Basi nikawa mchunguzi wa misiba. Mtaa wetu wa Ng'ambo haukosi watu wa kila namna, na Bi Shamila aliitwa mahali pengi, hata nje ya mji. Nilikwenda naye kila nilipopata nafasi. Nilikaa pembeni na wanawake, nikamtazama mfiwa badala ya kumtazama mtani, maana nilitaka kuona kitu kinapogeuka. Mwanzoni nilidhani ni ukubwa wa kicheko. Sivyo. Nimeona watu wakicheka sana na kurudi vilevile ukutani. Nimeona mzee mmoja ambaye hakucheka hata kidogo, midomo ilimtetemeka upande mmoja tu, kisha akauliza ng'ombe wamepelekwa kunyweshwa na nani.

Hapo ndipo niliposhika jambo. Mfiwa aliyeanza kurudi alikuwa anauliza habari za mtu mwingine. Wageni wamekula? Mtoto amelala wapi? Huyu mbona amekaa chini pasipo mkeka? Ilikuwa dalili yangu, niliigundua mwenyewe na niliipenda kama mtu anavyopenda kuku wake wa kwanza. Nikamkimbilia Bi Shamila sokoni kumweleza.

Alikuwa anakunja suruali. "Ndiyo," alisema. "Akiuliza hivyo mimi navua koti naenda kuosha vyombo."

"Kumbe ulikuwa unajua!"

"Nilikuwa sijui kama najua. Umesema wewe sasa hivi." Na akafurahi kweli, akanipa kitambaa cha kichwa bure, cha rangi ya chungwa, ambacho sijawahi kuwa na ujasiri wa kukivaa.

Nilimuuliza alianzaje. Babu yake alikuja Tabora na kazi ya reli akabaki. Mama yake alikuwa mtani wa misibani kabla yake, lakini Bi Shamila mwenyewe akiwa msichana alikuwa anaona aibu, anajificha jikoni. Ndipo mama yake akafa. "Nilimwosha mimi," aliniambia. "Baada ya hapo kila nikifumba macho naona maiti. Mama amenilea miaka yote hiyo, halafu amebaki maiti tu. Wakaja mabibi wa Kinyamwezi. Mmoja akachukua ndoo akaanza kugombana na jirani kisimani, kwa sauti ya mama, kwa matusi ya mama. Nilicheka mpaka nikajikojolea kidogo, usimwambie mtu. Lakini mama akarudi. Nikifumba macho namwona na ndoo."

Sokoni ndiko alikojifunza kazi. Anasema nguo haijui kudanganya. Suruali iliyochakaa goti moja, kiatu kilicholika upande wa nje, koti lililochanika kwapa la kulia, kila kimoja kinamweleza mwenye nacho alivyokuwa anatembea. Aliwatazama watu miguuni kabla ya kuwatazama usoni. Mimi alinigundua natembea kama mtu aliyetumwa kuita polisi.

Nyumbani alikuwa na mume, Fikiri, Mzaramo mwenzake wa kizazi cha reli. Alikuwa fundi baiskeli, na banda lake lilikuwa ubavuni mwa nyumba. Mtu mpole, mnene kidogo, mwenye kuchechemea. Kila jioni Bi Shamila alimfanyia Fikiri majaribio ya miendo ya watu. Alivaa koti, akatembea ukumbini, Fikiri akiwa amekaa kwenye kigoda na bakuli la karanga. Fikiri akitikisa kichwa, mwendo si wenyewe. Akiacha kutafuna, umekaribia. Akicheka, umempata. Nilikuwapo jioni nyingi, na nawaambia kwamba sijaona watu wawili walioridhika kiasi kile na vitu vichache kiasi kile. Nilikuwa narudi kwangu nimechelewa kupika na sina haraka.

Lakini swali moja hakunijibu upesi. Unajuaje kwamba sasa ni wakati? Nilimwuliza njia nzima tulipokuwa tunakwenda Usoke kwenye msiba wa mtoto. Huko hakufanya utani wowote. Alichota maji, akaosha masufuria, akambeba mdogo wa marehemu mgongoni, akalala jikoni. Wakati wa kurudi nikamwambia kwamba nilidhani angalau angejaribu kidogo, kwa ajili ya yule mama.

Aligeuka akanitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona. "Nimwige nani, Asnath? Mtoto yule alikuwa hajaanza kutembea. Hakuacha mwendo." Safari ikaendelea mpaka tulipoyaona mabati ya mjini. Kisha akasema taratibu, "Mimi nangoja mpaka mtu mmoja amseme marehemu vibaya. Vibaya vya nyumbani. Kwamba alikoroma, kwamba alificha nyama. Wakiwa bado wanamsifu, ujue bado ni maiti. Mtu akimsema, ameanza kuwa mtu tena. Hapo naingia."

Siku Fikiri alipoanguka bandani kwake, mkononi ameshika kiraka, nilikuwa zamu. Waliponiita alikuwa amekwisha kuondoka.

Alizikwa kesho yake baada ya sala ya adhuhuri, na watu walijaa barabara. Sijui kama Tabora iliwahi kumzika fundi baiskeli kwa wingi ule. Karibu kila nyumba ilikuwa imeshawahi kuchekeshwa na mke wake katika siku mbaya. Na kwa sababu hiyo hiyo wakafanya kosa ambalo watu wa kwingine wasingelifanya. Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Sylvester, Mnyamwezi kama mimi, alisimama chini ya turubai akasema: "Ndugu zangu watani, leo tuweke utani pembeni. Bi Shamila ametutumikia. Leo tumpe heshima yake na utulivu wake." Watu wakaitikia kwamba amesema neno la busara. Mimi pia niliitikia.

Basi tukampa utulivu. Wanawake waliongea kwa kunong'ona. Watoto walifukuzwa uani. Kila aliyeingia alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono, akasema Fikiri alikuwa malaika, Fikiri hakuwahi kumkosea mtu, Fikiri alikuwa mtu wa ahadi. Bi Shamila alikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, kanga nyeupe hadi kwenye paji la uso. Hakulia. Hakula.

Na Bi Shamila ana kisukari. Hilo ndilo lililokuwa linanichoma. Dawa zake zinataka chakula, na yeye alikuwa hataki dawa wala chakula. Binti yake, Najiat, aliyekuja na basi kutoka Nzega, alikuwa ameshapika uji mara kadhaa na kuumwaga. Nilimtoboa kidole nikampima, na namba niliyoiona kwenye kipimo sikuipenda. Nikamwambia, "Mama, ukiendelea hivi jioni tunakupeleka hospitali." Akanitazama. Macho yakanipita yakaenda zake nyuma yangu.

Nilitoka nje nikasimama ubavuni mwa nyumba nikilia kwa hasira. Niliwakasirikia Sylvester, na wale wanawake wanaonong'ona, na mimi mwenyewe. Mbele yangu ulikuwa mlango wa banda la Fikiri, na ndani, juu, imening'inia kwenye waya, ilikuwepo baiskeli yangu. Ilikuwa pale tangu kabla ya masika. Kila nilipoiulizia, Fikiri aliibonyeza tairi kwa kidole gumba, akainamisha sikio kama daktari, akasema, "Imebaki kidogo. Njoo kesho asubuhi." Nusu ya Ng'ambo walikuwa na baiskeli zao mle ndani. Mtu wa ahadi!

Nilijikuta nasema peke yangu, kwa sauti: "Fikiri, ulikuwa mwongo wewe." Na mara nikamwona, kigoda chake, karanga zake, gumba lake jeusi kwa grisi. Nikaacha kulia. Nikaelewa kwamba mtu mmoja amekwisha kumsema marehemu vibaya, na mtu huyo ni mimi.

Ovaroli lake lilikuwa kwenye msumari. Nililivaa juu ya gauni. Nilichukua pampu. Naomba msomaji akumbuke mimi ni nani. Sijawahi kuigiza hata shuleni. Kwaya ya kanisa ilinipanga safu ya nyuma kwa sababu ya uso wangu. Nikaingia sebuleni nikichechemea.

Minong'ono ilikatika. Hafsa, dada yake Fikiri, alijifunika mdomo. Nikamwona Sylvester amechungulia dirishani, macho yamemtoka. Nilichechemea hadi katikati ya chumba, nikainua pampu, nikasema kwa sauti nene, "Nani ana haraka humu? Baiskeli yako tayari. Yaani imebaki kidogo. Njoo kesho asubuhi!"

Hakuna aliyecheka. Mtu alikohoa. Nilichechemea hadi ukutani nikarudi, jasho linanitiririka mgongoni, nikasema tena, "Kesho asubuhi, mapema!" na sauti ikanipasuka katikati ya neno. Nilikuwa nalisikia ovaroli likisuguana mapajani. Nikajua nimefanya jambo la aibu mbele ya mfiwa, na kwamba nitahama mtaa. Nikageuka nitafute mlango.

"Mguu wa kushoto."

Ilikuwa sauti ndogo, ya kukwaruza. Wote tukageuka. Bi Shamila alikuwa ameinua kichwa, na macho yake yalikuwa yamesimama kwenye miguu yangu.

"Asnath. Mume wangu alikuwa anachechemea mguu wa kushoto. Wewe huyo umemleta mume wa nani?"

Hafsa ndiye aliyeanza. Alitoa mlio kama birika, akaanguka begani kwa jirani yake, na chumba kizima kikapasuka. Nje wanaume wakasikia, wakaambiana, nao wakaanza. Nimeulizwa mara nyingi kama nilikosea mguu makusudi. Wanaouliza hawanijui.

Bi Shamila hakucheka bado. Alikuwa amekasirika, hasira ya fundi anayeona kazi imeharibiwa. Alishika ukuta akainuka, Najiat akakimbia kumshika, akamsukuma mkono. "Lete hiyo pampu. Kaa chini, unatutia aibu." Akaiweka pampu kwapani, na hapo tu, kwa namna alivyoibana, wanawake wakaguna, maana alikuwa ni yeye. Akatembea. Mguu wa kushoto ukaburuza kidogo, bega likashuka, tumbo likatangulia. Akainama mbele ya Hafsa, akambonyeza shavu kwa gumba, akatega sikio. "Imebaki kidogo," alisema Fikiri. Kweli nawaambia, alisema Fikiri. Watu walikuwa wanalia kwa kicheko, na mimi nilikuwa nacheka, mdomo wazi, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo.

Kisha akaunyoosha mkono kuelekea pale ukumbini ambapo kigoda huwa kinakaa, kama anayetaka kuona kama Fikiri ameacha kutafuna. Mkono ukabaki hewani.

Akalia. Alilia kilio ambacho alikuwa hajakilia tangu apewe habari, na kicheko kikiwa bado kinamkwamakwama kooni. Niliogopa nimevunja kitu kisichotengenezeka. Alinivuta, akashika mkono wa lile ovaroli nililovaa, akajifutia uso nao, akaubakiza puani muda mrefu. Ulinuka grisi na mpira. Tulimwacha. Hakuna aliyenong'ona.

Alipouachilia, aliketi kwenye mkeka akatazama chumba, mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu kuku wake jioni. Akafika kwangu. Alinitazama usoni, si miguuni.

"Najiat," alisema, "huyu mpagazi amekula?"

Najiat alikuwa tayari amekimbilia jikoni. Aliporudi na sinia la wali na maharage, Bi Shamila alisogea akanipa nafasi kando yake, akanawa, akamega tonge akala, kisha akanyoosha mkono kupokea dawa zake kutoka kwangu bila kuambiwa.

"Kula," aliniambia, mdomo umejaa. "Na ile baiskeli yako imebaki kidogo. Njoo kesho asubuhi."